Mama na Mwanawe Askari

Yako makosa ambayo mwalimu huyasahihisha kwa kalamu nyekundu katika madaftari ya watoto, na yako mengine ambayo mwalimu mwenyewe husahihishwa na mtu asiyejua kusoma. Leo twataka kuwapa habari za kosa la namna hii ya pili. Kosa lenyewe ni letu, wala hatumsingizii mtu mwingine.

Shule yetu i katika vilima vya Tarime, upande unaotazama bonde la Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti, kwa Wangoreme, Waikoma, Wanata na Wakurya wenzetu waliohamia huko, mpaka Mugumu na mbuga za wanyama. Ni nchi ya mahindi, wimbi, mihogo, migomba na kahawa, tena ni nchi ya ng'ombe. Na mtu akiuliza nchi hii imetoa nini kingine, jibu ni kwamba imetoa askari. Ni shida kupata ukoo usio na mtu aliyevaa sare, ama zamani ama sasa.

Mwaka juzi, ilipokaribia tarehe 25 Julai, ambayo ni Siku ya Mashujaa, mwalimu mkuu alituita akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa mashairi. Tunga shairi la mama anayeagana na mwanawe aendaye jeshini, watoto wa darasa la sita walighani siku hiyo." Tulifurahi sana. Tangu tulipokuwa katika chuo cha ualimu cha misheni tumependa kutunga, na vina hutujia upesi. Kwa usiku mbili tu tulimaliza beti kumi. Mmoja wao ulikuwa hivi:

Nenda mwanangu shujaa, nchi yako kuilinda,
Machozi nimekataa, sauti haikupinda,
Ngao yako inang'aa, na mkuki wa kuwinda,
Nyuma usije geuka, hadi siku ya kushinda.

Tulihesabu mizani, zikatimia. Tulitazama vina, vikapatana. Tukajiona tumefanya kazi njema, tukalala usingizi mzuri.

Asubuhi yake tulikumbuka kwamba karibu na shule akaa mama mmoja mjane, ambaye mwanawe wa pili ni askari wa Jeshi la Wananchi. Tuliona yafaa tumsomee shairi kabla watoto hawajajifunza, maana ndiye mwenye habari. Tena, na hapa tuseme kweli yote, tulitaka atusifu. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wetu. Alipomaliza kidato cha nne, akakosa nafasi ya kuendelea, alikuja kwetu jioni moja akaomba tumwandikie barua ya kuthibitisha mwenendo wake, apate kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Tuliiandika barua ile kwa mkono wetu, tukatia sahihi. Mama yake hatukumwuliza neno. Kijana alikubaliwa, akaenda JKT, na baadaye akaandikwa jeshini.

Basi tulimkuta mama akianika mihogo. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akakaa chini juu ya gunia. Tukamsomea beti zote kumi kwa sauti ya kughani. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, huyo mama ni nani?"

Tukamjibu, "Ni mama yeyote, Mama. Ni kama wewe."

Akanyamaza kitambo, akageuza vipande viwili vitatu vya muhogo. Halafu akasema, "Mimi sikusema hayo. Na huo mkuki, nani alimpa? Mwanangu aliondoka na mfuko wa nailoni na ndoo."

Tukamwomba atueleze, naye akatueleza. Twaandika hapa kama tulivyosikia, wala hatuongezi kitu.

Alisema kwamba usiku ule hakulala. Saa tisa aliwasha moto, akapika ugali na kuku, maana kijana hakuwa amekula nyama ya kuku tangu sikukuu. Kijana aliamka, akakaa mezani, akamega tonge tatu, akasema ameshiba. Mama alimwambia ale, akakataa. Akamwambia tena, akakataa kwa ukali kidogo. Basi akafunga mapaja mawili ya kuku katika jani la mgomba, akayatia katika ile ndoo. Wakatoka gizani kwenda kungoja gari barabarani. Njiani hawakuzungumza neno kubwa. Mama alimwuliza kama amechukua sabuni. Alimwuliza kama lile sweta limekauka. Gari lilipoonekana kwa mbali, taa zake zikipanda kilima, mama alikumbuka kitu, akamwuliza, "Lile jembe la jirani umelirudisha?"

Kijana akajibu, "Nimesahau, Mama. Liko ndani, nyuma ya mlango."

Mama akamkemea. Alimwambia, "Wewe kila siku ni mtu wa kusahau vitu vya watu." Hapo gari lilikwisha simama, kondakta akipiga kelele, kijana akapanda na ndoo yake, mlango ukafungwa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mama huyu aliyomwambia mwanawe siku ya kwanza ya kwenda jeshini. Alirudi nyumbani, akalitwaa jembe nyuma ya mlango, akalipeleka kwa jirani kabla jua halijatoka. Jirani alishangaa kuona mtu amerudisha jembe alfajiri, akauliza kuna nini. Mama akasema, "Hakuna. Nimeleta jembe." Hapo ndipo alipolia, uani kwa watu, jembe li mkononi.

Wasomaji, tulikunja karatasi yetu tukaitia mfukoni.

Tuliporudi nyumbani tulifikiri sana habari ya jembe lile, na tulivyofikiri ndivyo tulivyoona kwamba si jambo la nyumba moja. Nchi yetu imeagana na askari wake mara nyingi. Tuyatazame kwa ufupi.

Kikosi cha Waingereza kilichoitwa King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita KAR, kiliundwa mwaka 1902. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, 1914 hata 1918, nchi hii ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na ngome yao ya Ikoma ilisimama katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Serengeti. Waafrika walipigana pande zote mbili, na maelfu kwa maelfu wakachukuliwa kuwa wapagazi, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Dar es Salaam, katikati ya mji, iko sanamu ya askari wa shaba iliyowekwa mwaka 1927. Chini yake pameandikwa maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wapagazi wametajwa kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi, na askari ameahidiwa kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Tulipoisoma sanamu ile mara ya kwanza, tulipokuwa vijana, tulisimama wima kama askari. Siku hizi twajiuliza swali moja: askari wengi walikufa kabla hawajazaa, je, jina lao lakumbukwa na nani? Wana wametajwa pale. Mama hakutajwa.

Vikaja vita vya pili, 1939 hata 1945. Katika vita hivyo Tanganyika peke yake ilitoa watu zaidi ya 80,000. Kwetu Wakurya, wa upande huu wa mpaka na wa upande wa Kenya, vijana waliingia KAR kwa wingi. Sababu zilikuwa nyingi, na moja yao ilikuwa ng'ombe. Mahari ya Mkurya ni ng'ombe wengi, na kijana ambaye baba yake hakuwa na kundi aliweza kuyapata kwa mshahara wa askari. Walipelekwa Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakavuka bahari kwenda Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika tope na malaria, mpaka Kalewa penye mto Chindwin. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, na walio wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Mama zao hawakuwa na kaburi la kwenda kupalilia.

Babu yetu mzaa baba alikwenda Burma akarudi. Habari zake za vita alizisimulia mara nyingi, nasi tulizisikiliza tukiwa watoto, lakini habari za mama yake tulizipata kwa bibi, baada ya babu kufa. Bibi alisema kwamba mama yule, kila jioni, alimega sehemu ya ugali akaiweka kando katika kibakuli, akasema, "Hii ni ya fulani," akimtaja mwanawe. Kisha alimwita mtoto yeyote aliye uani akampa ale. Hakuitupa, wala hakuiacha ilale, kwa maana chakula cha mtu aliye hai hakiachwi kulala. Alifanya hivyo muda wote mwanawe alipokuwa ng'ambo. Barua moja tu ilifika kutoka Burma. Mama hakujua kusoma, akaipeleka kwa mwalimu wa misheni, kama walivyofanya akina mama wote wakati ule. Watu walikusanyika kusikia habari za vita. Mwalimu akaifungua, akasoma. Baada ya salamu, babu aliuliza kama yule mtamba mwekundu amezaa, na kama amezaa, ndama ni dume au jike. Habari za vita hazikuwamo. Watu wakacheka, wakaondoka. Mama aliomba asomewe mara ya pili.

Zamani hadithi hiyo tuliisimulia kwa kuchekesha wageni. Tangu siku ya jembe hatuisimulii hivyo.

Mwaka 1978, mwezi wa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua watu na kuchoma nyumba. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, akatoa amri wapigwe, na mwezi wa Aprili 1979 askari wa Tanzania wakaingia Kampala. Katika vita vile hawakwenda askari wa kawaida tu, bali mgambo wa vijijini pia, watu walioacha jembe shambani. Mashujaa wengi waliokufa walizikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Walio wazima walirudi, wakashangiliwa. Lakini tusifiche jambo ambalo kila mtu wa Tarime alijua: bunduki nyingine nazo zilirudi, na wizi wa ng'ombe, ambao hapo kale ulifanywa kwa mikuki na mishale, ukawa wa risasi. Katika miaka iliyofuata mama wa Kikurya aliweza kuagana na mwanawe kwa njia mbili, mchana kwa njia ya jeshi, au usiku kwa njia ya ng'ombe za watu. Mama jirani yetu alituambia wazi kwamba kaka yake alikufa kwa njia ya pili, na kwa hiyo mwanawe alipotaja jeshi hakumzuia. Alisema, "Anayekwenda mchana, watu hunipa pole. Anayekwenda usiku, nampa pole nani?"

Tena yatupasa tukumbuke kwamba kwa desturi yetu mama amekwisha agana na mwanawe mara moja kabla ya jeshi. Kijana akisha kutahiriwa si mtoto wa jikoni tena. Mama hatamshika mkono mbele ya watu, wala yeye hatalia mbele ya mama. Mpiga litungu huimba ujasiri wa kijana na ukoo wa baba yake na ng'ombe zake. Basi kama mama hana ruhusa ya kukumbatia, wala ya kulia, atasema kwa nini? Atasema kwa sabuni, na sweta, na jembe la jirani. Hayo ndiyo maneno aliyoruhusiwa, naye huyajaza yote aliyo nayo moyoni. Kumkemea mwanawe kwa kusahau vitu vya watu ni kumwambia: rudi, uwe mtu mwema, uishi na majirani.

Tulitafuta pia katika vitabu, maana ndiyo kazi yetu. Marehemu Shaaban Robert aliandika utenzi mrefu wa vita vya 1939 hata 1945, akauita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Humo mna majeshi na wafalme na mataifa. Lakini tukitaka kusikia mama mwenyewe akitunga, yafaa twende Pate, kwa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Yule naye alikuwa akiagana na mwanawe, maana alijua kifo ki karibu. Anamwita aje na wino na karatasi, akae karibu naye. Anamtajia Mungu na Mtume na heshima ya wakubwa, kisha hasiti kuingia katika mambo ya nyumba: usafi, manukato, namna ya kumhudumia mume alalapo na aamkapo. Kadhalika Hana, mama yake Samweli, alipomtoa mwanawe mdogo akae hekaluni, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Bila shaka kila mwaka aliipima kwa kukisia, maana mtoto alikuwa akikua mbali na macho yake. Wimbo wa Hana ni mkubwa, na watu huusoma kanisani. Lakini mama wa Tarime akisikia habari ya kanzu ile, hahitaji kufafanuliwa.

Sasa tumalize habari ya kosa letu, maana bado hatujalisema lote.

Tulirudi kwa mama yule siku ya pili, tukamwomba ruhusa tuandike shairi jipya lenye jembe. Alikubali, akacheka kidogo. Halafu akatuambia jambo ambalo hakupata kutuambia. Mwaka 2017 mwanawe alikuwa Kongo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha kupigana na waasi mashariki ya nchi ile, na Tanzania ikatoa askari wake pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi walishambulia kituo cha askari wetu Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini. Waliuawa Watanzania wasiopungua 14. Mama alisikia katika redio ya jirani, jirani yule yule mwenye jembe. Hakuna jina lililotajwa. Simu ya mwanawe haikupatikana siku ile, wala siku ya pili. Mama alifagia ua wake, akafagia na ua wa jirani, akaenda akafagia na uwanja wa kanisa. Watu walimwambia apumzike. Siku ya tatu simu ililia, kijana akasema, "Mama, ni mimi." Mama akamwuliza kama amekula.

Alipokwisha kusema hayo alinyamaza, nasi tukanyamaza. Siku zile za Desemba 2017 sisi tulikuwa likizoni kwa wakwe zetu, ng'ambo ya mto. Habari tuliisikia, tukasikitika kama Watanzania wote, tukawaombea wafu. Hatukukumbuka kwamba iko barua yenye sahihi yetu. Ndipo tulipoelewa kwa nini mama wa shairi letu la kwanza hakulia, tena alisema nenda, usigeuke. Tulimtunga hivyo kwa sababu tulimhitaji awe hivyo. Mama asiyelia humwondolea lawama kila mtu aliyemsukuma mwanawe mbele, na mmoja wa hao ni mwalimu. Beti kumi zile zilikuwa barua ya msamaha tuliyojiandikia wenyewe, tukatia jina lake.

Tukamwambia hivyo, kwa maneno machache, tena kwa aibu. Tukamwomba radhi kwa kutomwuliza siku ile ya barua.

Akajibu, "Mwalimu, hukumpeleka wewe. Alikuwa na miguu yake. Na mimi nisingemzuia. Lakini ungekuja kuniambia, ningepata siku mbili zaidi za kujua."

Siku mbili zaidi za kujua! Maneno hayo tumeyaandika katika jalada la daftari letu la maandalio, ili tuyaone kila asubuhi.

Tuliandika shairi jipya, fupi, beti tano tu. Huu ni mmoja:

Lile jembe la jirani, mwanangu umerudisha?
Mama liko mle ndani, safari ilinitisha,
Basi nenda na amani, mimi nitalifikisha,
Gari likatupa vumbi, nami pale nikabaki.

Mkubwa mmoja aliyesimamia matayarisho ya sikukuu aliposikia, hakupendezwa. Alisema jembe halina ushujaa, na siku ya mashujaa yataka maneno ya mashujaa. Hatukubishana naye sana. Tulisema tu kwamba mama mwenye jembe atakuwapo, na kama shairi si la kweli atasema mwenyewe. Mwalimu mkuu akatusaidia, shairi likapita.

Siku ile watoto walighani. Walipofika penye jembe, watu walicheka, hasa wanaume na vijana. Kicheko hakikudumu. Akina mama waliokaa chini ya miti hawakucheka, na wanaume walipowatazama wake zao nao wakanyamaza. Watoto wakamaliza katika kimya.

Baada ya sherehe tulikuwa tukikusanya viti, akina mama wakaanza kuja, mmoja mmoja, kama watu wanaokuja kulipa ada. Mmoja akasema, "Mimi, Mwalimu, nilimwuliza kama amefunga mlango wa zizi." Mwingine akasema, "Mimi nilimwambia viatu vyake ni vichafu." Wa tatu alisema kwamba yeye alikuwa mtoni kuteka maji, gari likaja mapema, hakusema neno, na tangu siku hiyo hupeleka ndoo mtoni jioni, asubuhi hataki. Mwisho akaja bibi mzee sana, ameshikwa mkono na kitukuu. Mwanawe alikwenda na mgambo mwaka 1978, naye amelala Kaboya. Bibi akasema, "Mimi nilimwambia asikawie." Akatazama kama anayengoja tuandike. Hatukuwa na kalamu, lakini tuliyaandika jioni ile ile.

Wasomaji wapenzi, hatutaki kuandika mengi zaidi. Twajua nchi yahitaji walinzi, na heshima ya askari ni haki yake. Vijana wetu wataendelea kwenda. Lakini twawaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa walimu wenzetu, na wazee wa vijiji, na kila mwenye kalamu na muhuri: kabla hujatia sahihi barua ya kijana, vuka ua uende kwa mama yake umwambie, apate siku zake za kujua. La pili ni kwa wote. Wako akina mama na mabibi katika vijiji vyetu ambao hakuna aliyepata kuwauliza walisema nini siku ile. Waulizeni, mkayaandike maneno yao kama walivyoyasema, wala msiyapambe. Sanamu ya Dar es Salaam imewaachia wana kazi ya kukumbuka jina la baba. Nasi tusiwaache mama bila mtu wa kukumbuka neno lao.

Mama jirani yetu alituomba kitu kimoja kwa malipo ya shairi. Alisema simu husema upesi, kisha hunyamaza, wala huwezi kuiweka. "Wewe ndiye uliyemfundisha kuandika," akasema. "Mwambie aniandikie." Tukampelekea kijana ujumbe. Baada ya wiki tatu barua ikaja kwa basi, na mama akaileta kwetu imefungwa bado. Tukaifungua, tukamsomea. Baada ya salamu, kijana aliuliza kama jirani alikasirika juu ya lile jembe.

Mama aliomba asomewe mara ya pili.